Kwa Mwanangu Mazengo, Kabla Hujaenda Kuonja

Hombolo, Dodoma
Septemba

Mwanangu Mazengo,

Upepo wa Septemba umeshaanza vurugu zake, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, lakini ndiyo mavuno ya pili ya zabibu, na hakuna anayekaa ndani. Toka alfajiri mashamba yamejaa watu na kreti. Matunda mwaka huu ni matamu sana. Sasa tunaomba wanunuzi waje mapema, maana zabibu ikishaiva haijui kusubiri. Baba yako mkubwa amenogewa na treni ya umeme, anakwenda Dar na kurudi kama mtu aendaye gulioni. Mdogo wako Nyemo amepata nafasi UDOM, na nyumba nzima inatembea kifua mbele.

Ujumbe wako tuliusoma pamoja, kwa sababu simu ya mama yako ikilia na jina lako likatokea, haina tena mwenyewe. Ningeweza kukujibu humohumo kwenye simu. Lakini maneno ya simu hupita, na haya nataka yakae. Najua wenzako wa chumba watayasoma pia. Wasome, nao ni watoto wa watu.

Umesema wenzako wa kazini wamekukatia tiketi ya lile tamasha kubwa la bia hapo Denver, Great American Beer Festival, Ijumaa jioni, mwezi ujao. Mama yako alipofika hapo aliiweka simu mezani akatoka nje. Baadaye akaniomba nikuandikie nikukataze, maana shangazi hana simile. Nimekubali kuandika. Kukukataza sitakukataza, kwa kuwa umeshakuwa mtu mzima na uko katika nchi ambayo usingeruhusiwa hata kuvuka mlango wa tamasha hilo kama hujatimiza miaka 21. Ila sitakuacha uende mikono mitupu.

Kwanza mwelewe mama yako. Amelelewa na kanisa lililoingia nchi hii kwa miguu, tangu wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Kwa Waanglikana wa huku, muumini wa kweli alijulikana kwa kukiweka chini kibuyu cha pombe. Wakatoliki wa Bihawana nao wakapanda mizabibu wapate divai ya altare, na leo mizabibu hiyo ndiyo inayotulisha. Watu wa nchi moja, Mungu mmoja, na njia mbili juu ya jambo hili. Zote mbili zina sababu zake, na wewe ni mtoto wa nyumba iliyozikutanisha. Usimfanyie mama yako mzaha kwa hilo hata siku moja.

Tena ana sababu nyingine asiyoisema. Anamkumbuka baba yako mdogo Yona. Wewe ulikuwa mdogo, umemwona amelala tu. Mimi nilimwona akiwa fundi seremala ambaye milango yake mpaka leo inafunga vizuri Mvumi nzima. Gongo haikumchukua kwa mkupuo. Ilianza na kionjo baada ya kazi, kikawa kionjo kabla ya kazi, halafu kazi yenyewe ikatoweka. Nilimfunga mdogo wangu sanda kwa mikono hii. Kwa hiyo unaposikia mimi na mama yako tunaongea kwa sauti ya kukaza juu ya pombe, ujue tunaongea na wewe na yeye pia.

Lakini pombe haikuanza na gongo, na ndiyo sababu siwezi kukuambia kwamba kila kilichochachuka ni adui. Bibi yako, mama yangu, alikuwa mpishi wa ujimbi, pombe yetu ya mtama, na watu walitoka mbali kumfuata. Alipenda mtama mwekundu, ule ambao kweleakwelea hawaukimbilii kwa ukakasi wake. Aliuloweka, akautandaza chini ya magunia yenye unyevu mpaka ukachipua, akauanika juani, akausaga. Huo ndio kimea. Kisha alipika uji wa unga wa kawaida, mzito, akauacha upoe, na hapo ndipo alipotia kimea. Nilipomharakisha aliniambia, “Ukikitia kimea kwenye uji unaotokota umekiua.” Miaka mingi baadaye nikamsikia mtaalamu akieleza kwamba ndani ya kimea mna vimeng’enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na kwamba moto mkali huviangamiza. Bibi yako hakujua neno vimeng’enya. Kazi yake aliijua.

Nataka ushike namna ujimbi ulivyonywewa, kwa kuwa hapo ndipo mafunzo yalipo. Haukunywewa kila siku. Kulikuwa na sababu: watu wamekuja kulima shamba la mwenzao, mavuno yameingia, kuna mahari, kuna tambiko. Aliyepika alionja wa kwanza mbele ya watu, waone kwamba hakuna baya ndani. Wazee wakafuata, kila mmoja kwa zamu yake, na kata ikazunguka. Kijana aliyenyoosha mkono kabla ya zamu alirudishwa na jicho tu. Aliyeanza kupandisha sauti alisindikizwa nyumbani, na kesho yake alikuja kuomba radhi akiwa amefunga shati mpaka juu. Ile ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote.

Na nafaka yenyewe ilikuwa na hesabu. Ugogo ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, kama milimita 570 kwa mwaka, na mwaka mwingine mvua inakuja kutusalimia tu na kuondoka. Bibi yangu alikuwa msichana wakati wa Mtunya, njaa ile iliyoipiga nchi hii 1917 hadi 1920, baada ya vita ya wakubwa kupita na kubeba nafaka, ng’ombe na wanaume wenye nguvu. Aliyepita katika Mtunya hakupika pombe kabla hajapanda juu ya ghala na kutazama kwa macho yake. Kwanza chakula, pili mbegu, tatu ndipo pombe. Mimi nimelelewa na hesabu hiyo, na bado sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Hata wewe na mshahara wako wa dola, ianze hivyohivyo: kwanza kodi na chakula, pili akiba, tatu ndipo starehe.

Kuonja kama kazi nilikuja kujifunza ukubwani, nilipoingia kwenye zabibu. Tulikusanywa wakulima, tukawekewa mezani divai za aina mbalimbali, nyingine za Makutupora Nyekundu, nyingine za Chenin Blanc, na mtaalamu akatufundisha. Shika glasi, tazama rangi kwenye mwanga. Zungusha taratibu. Nusa kabla hujaonja, maana pua inajua mambo mengi kuliko ulimi. Weka kidogo mdomoni, ipitishe kila pembe, kisha tema. Wakulima tulitazamana. Kutema kitu chenye jasho letu? Akatuambia, “Anayemeza zote, ya tano hataijua tena.” Tulipofika ya tano nikaona kweli. Waliotema walikuwa bado wanabishana kuhusu ukali na utamu wa kila moja. Waliomeza walikuwa wanasifu zote.

Hilo ndilo neno langu kwako, Mazengo, na mengine yote yanalizunguka: mwonjaji ni yule ambaye mwisho wa meza bado anaweza kusema ipi ni ipi. Akishindwa, alikuwa mnywaji tangu mwanzo.

Nyemo amenisaidia kutafuta habari za tamasha lenyewe, kwa sababu sipendi kumshauri mtu juu ya mahali nisipopajua. Kumbe lilianza 1982 pale Boulder, jirani yako tu, na bwana mmoja aitwaye Charlie Papazian ndiye aliyelianzisha. Mwaka ule bia hazikufika 50 na watu walikuwa kama 800. Leo ni maelfu kwa maelfu kwa siku chache. Nikajifunza pia kwamba Marekani ilipiga pombe marufuku kuanzia 1920 mpaka 1933, na kwamba hata baada ya hapo mtu kujipikia bia nyumbani hakuruhusiwa na sheria ya taifa lile mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini mwaka 1978. Kazi aliyoifanya bibi yako uani bila kumwogopa mtu, wao wameirudia juzi. Viwanda vingi utakavyoviona hapo vimezaliwa na watu walioanza na sufuria jikoni kwao. Usiwaendee kama mtu aliyetoka kusikojulikana. Umetoka kwenye ua wenye kimea.

Nimeambiwa pia kwamba wapo majaji wanaoonja kwa siri, kikombe kina namba tu, hawajui ni bia ya nani, na makundi ya mashindano ni zaidi ya mia moja. Nimelipenda hilo. Na wewe fanya hivyo kadiri uwezavyo. Usiifuate meza kwa sababu foleni yake ni ndefu au picha ya kopo inapendeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na anayeonja akifuata sifa za watu, ulimi wake huacha kazi.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kikombe cha kuonjea humiminiwa aunsi moja, kama mililita 30, vijiko viwili vikubwa. Utakiona kidogo mpaka ucheke. Usicheke. Vikombe 12 ni kopo zima la huko, na 36 ni makopo matatu. Hiyo ni kwa bia ya kawaida, asilimia tano hivi. Zipo za asilimia 10 na kupita, na hizo vikombe sita tu vimeshakuwa kopo. Kipindi kimoja ni muda wa saa nne hivi, na hakuna anayekuhesabia. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hawakulijua tamasha la Denver, lakini walimjua mtu. Kwa hiyo kabla hujaingia mlangoni, weka idadi yako, iandike kwenye karatasi, na umwambie mmoja wa wenzako. Mimi ningesema 12, na nusu yake uiteme au uimwage kwenye chombo cha kumwagia. Hakuna aibu yoyote. Mwenye kutema anaonyesha kwamba amekuja kwa ajili ya kazi ya wapishi.

Kula kabla ya kwenda. Namaanisha chakula kinachokaa tumboni, si chipsi za kutembea nazo. Najua unga wa uwele niliompa Mama Chilewa akuletee umekufikia, songa ugali. Watu wa huko huvaa shingoni vibiskuti vya chumvi vilivyotungwa kwenye uzi ili watafune kati ya kikombe na kikombe. Kama watakupa, vaa, ni akili. Na maji, baba, maji. Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya bahari, nasi tunajiona watu wa juu. Denver iko 1,609, na hewa yake ni kavu kuliko hii yetu. Ukavu na kileo vinasaidiana kukunyang’anya maji mwilini. Kila baada ya kikombe, suuza mdomo, meza maji.

Anza na bia nyepesi, za rangi ya majani makavu, halafu zile chungu zenye maua mengi ya hopsi, ambazo utazisikia puani kama machungwa au embe. Malizia na nyeusi zilizopikwa kwa kimea kilichokaangwa, zinazonuka kahawa. Ukianza na kali, nyepesi zitakuwa maji kwako na utamdhulumu aliyezipika. Kuna meza utakutana na bia chachu, na wenzako watakunja uso. Wewe hutakunja. Uchachu ule umeufahamu tangu ulipokuwa unachungulia chungu cha bibi yako.

Gari liache nyumbani. Hapa sina mjadala. Usiendeshe, na usipande gari la aliyeonja, hata akiapa kwamba yuko sawa. Treni za RTD zipo, teksi zipo. Mzaliwa wa huko akikamatwa amelewa barabarani anaadhibiwa na kulia. Mgeni kama wewe kosa hilohilo linaweza kumchukulia visa, na ndoto ya ukoo mzima ikapakiwa kwenye begi moja. Nimesikia pia kuna tiketi za wasiokunywa, wanaokwenda kuwaangalia wenzao. Mwaka ujao ukitaka kwenda tena, jaribu hiyo. Ndiyo heshima ya kijana aliyekuwa anashika taa wazee walipokunywa.

Kama katikati ya jioni utajisikia umetosheka, ondoka. Usimngoje mtu akupe ruhusa. Wakikuambia “kimoja tu cha mwisho”, cheka nao, shukuru, nenda. Rafiki wa kweli hapotei kwa kikombe. Na kama siku moja utaona unaitafuta bia ukiwa na huzuni, au unaificha, nipigie mimi saa yoyote, hata usiku wa manane. Sitakugombeza. Yona hakumpigia mtu.

Limebaki la mwisho, nalo ni kukutuma. Nyemo amegundua kwamba hiyo Colorado yako ndiyo inayoongoza Marekani kwa kulima nafaka moja ndogo ya ukoo wa ulezi na uwele wetu, huko mashariki kwenye nyanda kavu. Katika mji wa Wellington kuna watu waitwao Grouse wanaotengeneza kimea cha nafaka hiyo, na Golden, pembeni ya Denver, kuna kiwanda kiitwacho Holidaily kinachopika bia kwa nafaka zisizo na gluteni, kwa ajili ya watu ambao ngano na shayiri huwadhuru. Tamasha lenyewe lina kundi la mashindano kwa bia za namna hiyo. Watafute hao, kama hawapo ukumbini, wafuate kwao siku nyingine. Ukiwapata, tumia muda wako hapo kuliko kwingine kote.

Waulize kimea chao kinachipuaje sawasawa, kwa joto gani, kwa siku ngapi. Waulize wanaulainishaje wanga, maana wanga wa mtama na uwele unataka moto zaidi ya ule wa shayiri, na ndiyo maana bibi yako alipika uji kwanza. Waulize wanamlipaje mkulima. Viwanda vikubwa vya bia vya hapa nyumbani vinanunua mtama mweupe wa Dodoma, aina ya Macia na nyinginezo, na ni jambo jema, gunia linapata bei. Lakini gunia likiondoka na sisi tukabaki na risiti, maarifa yanakaa kwa mwenye kiwanda. Tulichoanza kukiona kwenye zabibu, kwamba mkulima naye anaweza kusindika, kutia kwenye chupa na kuandika jina lake, sioni kwa nini kisiwezekane kwenye mtama. Nyemo anaingia chuo kikuu, wewe uko mahali wanapojua. Msinifanye nife nikiwa nimeona mnakunywa tu.

Beba daftari dogo. Kwa kila bia andika rangi, harufu, ladha, jina la aliyeipika, na neno moja alilokuambia. Ukiona mwandiko wako umeanza kupinda, funga daftari, jioni yako imekwisha.

Ukitoka Ijumaa saa nne usiku, huku itakuwa Jumamosi saa moja asubuhi, na mama yako hajaenda shambani. Mpigie yeye kwanza, kabla yangu. Mwambie uliyoonja, umsomee na daftari. Atasikia sauti yako, na kwa sauti tu atajua amelea mtu wa namna gani. Nami nitakuwa nimekaa pembeni yake.

Mungu akulinde uendako na urudipo. Wasalimie wenzako wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi shangazi yako,
Mama Nhonya